Gari moja, boza la jirani na washa ya mpira

Wilaya zetu nyingi hapa Tanzania zina gari moja la zimamoto. Nyingine hazina hata hilo, zinategemea lile la makao makuu ya mkoa. Moto mkubwa ukitokea, kilio ni kilekile: yanunuliwe magari. Magari yanahitajika, hilo sibishi. Lakini hata likija jipya kesho, na lita 4,000 tumboni, likafunguliwa nozo mbili (midomo ya mpira inayorusha maji) za lita 400 kwa dakika kila moja, dakika ya tano limekauka. Tena hapo sijagusa maji yanayobaki ndani ya mipira. Mpira wa milimita 65 unameza lita 3.3 kwa kila mita, kwa hiyo ukitandaza mita 100, lita 330 zimeshakwenda kabla tone la kwanza halijafika kwenye moto.

Wananchi wakisema "faya wamekuja bila maji", mara nyingi maji yalikuwepo, yakaisha, na hakuna aliyekuwa amepangiwa kuleta mengine. Kwa bajeti hizi tulizonazo, shilingi chache zilizopo ziende kwanza pale idara moja inaposhikana na nyingine: kwenye boza la kubeba maji, kwenye kaplingi zinazounga mipira, kwenye simu ya zamu na kwenye malipo ya dereva. Hapo ndipo mnyororo unapokatikia.

Tuanze na boza, kwa sababu karibu kila mji unayo: ya mamlaka ya maji, ya mkandarasi wa barabara, ya wafanyabiashara wanaouza maji mitaani. Chukua boza la lita 10,000 na chanzo cha maji kilicho kilomita 3 kutoka kwenye moto. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kwenda na kurudi ni dakika 12. Kulijaza kwenye haidranti, yaani bomba la maji la zimamoto lililopo mtaani, inayotoa lita 500 kwa dakika ni dakika 20. Kulimwaga kwa koki ya chini ya inchi 3 ni kama dakika 14. Kuunga, kufungua na kugeuza gari, weka dakika 4. Jumla 50. Gawanya lita 10,000 kwa dakika 50 upate lita 200 kwa dakika, yaani nusu ya nozo moja. Boza zima, dereva, dizeli, na bado linalisha nusu nozo.

Watu wakiona hesabu hiyo huomba boza la pili. Kabla ya kuomba, tazama dakika zinakwenda wapi. Barabarani ni 12 tu. Zilizobaki zinaliwa na kujaza na kumwaga. Badilisha koki ya chini iwe ya inchi 6, na lita zile 10,000 zinamwagika kwa dakika 4 hivi. Tumia pampu ya kubebeka mtoni au bwawani inayotoa lita 1,000 kwa dakika, na kujaza kunashuka hadi dakika 10. Mzunguko mzima sasa ni dakika 30, na boza lilelile linaleta lita 333 kwa dakika. Kuchomelea koki mpya ni kazi ya siku moja ya fundi.

Angalizo moja kwenye koki hiyo kubwa: kabla ya kuifungua, kifuniko cha juu kifunguliwe. Maji yakitoka kwa kasi na hewa haina pa kuingilia, tangi la bati jembamba hunywea na kubonyea kama chupa ya plastiki. Na dereva asikubali kuondoka na nusu tangi eti kwa kuwahi. Maji yanayocheza ndani ya tangi ndiyo yanayoangusha boza kwenye kona, hasa lisilo na vizuizi vya ndani. Aende limejaa au arudi limekauka. Boza lililowahi kubeba mafuta, na gari la majitaka, yasiingie kabisa kwenye orodha ya magari ya kuitwa.

Maji yanamwagwa wapi? Siyo ndani ya gari la zimamoto, maana boza litasubiri foleni. Yanamwagwa kwenye bwawa la turubai lililowekwa pembeni ya gari, na pampu ya gari inanyonya humo. Bwawa la mita 3 kwa 3, kina mita 1, linabeba lita 9,000. Kwa kuwa pampu inaendelea kunyonya wakati boza linamwaga, lita 10,000 zinaenea. Turubai liwe lile zito la malori, ukubwa wa mita 6 kwa 6, ili lipande pande zote na libaki la kukunja juu ya fremu. Fremu ni bomba la inchi moja na nusu, la kufungua na kukunja. Mafundi wengi hukosea kwenye viungo: wanaona bwawa ni "maji tu" na kutumia bolti nyembamba. Kila upande wa bwawa hilo likijaa unasukumwa kwa nguvu ya kama tani moja na nusu. Tia pini nene na mishikizo ya kukingamiza kila pembe, liweke mahali tambarare, na mara ya kwanza mlijaze uwanjani, si kwenye tukio.

Sasa kaplingi. Magari mengi yaliyopo ni ya msaada au ya mtumba, na kila nchi ilikuja na kichwa chake. La Uingereza lina kaplingi ya kusukuma na kubana ya inchi mbili na nusu. La Ujerumani lina Storz, ambayo haina dume wala jike, inazungushwa robo. La Japani lina ya kwake ya kuchomeka, na la Marekani lina nyuzi za kuzungusha. Gari la wilaya jirani likija kusaidia mkakuta mipira haiungani, mmepata watazamaji wapya wenye sare. Dawa yake ni adapta, na adapta anaitengeneza fundi wa kukereza vyuma yeyote mzuri. Mpelekee kaplingi zote mbili mkononi, usimpelekee vipimo vya karatasini, kwa kuwa kaplingi zilizotumika miaka ishirini zimelika. Mkishamaliza, ijaribiwe kwa maji kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la kazini: kama mnafanya kazi kwa baa 10 (baa ni kipimo cha shinikizo), jaribuni kwa 15. Kwa maji, narudia. Hewa iliyobanwa ikipasua chuma hurusha vipande. Maji hayafanyi hivyo.

Adapta nne zinatosha wilaya: mbili kwenye gari, moja kwa mamlaka ya maji, moja kwenye boza. Na kila moja iwe na washa za akiba, zile pete za mpira za kuziba kiungo, zimefungwa pamoja nayo kwa waya. Pampu inayokataa kunyonya, asilimia kubwa ya lawama hupelekwa kwenye injini, kumbe ni washa iliyokauka kwenye mpira wa kunyonyea inayoingiza hewa.

Kuhusu kunyonya, wenzetu wa nyanda za juu walitilie hili maanani. Usawa wa bahari, pampu nzuri hunyanyua maji kama mita 7 kwa kazi ya kweli. Mbeya, karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi na karibu mita 2 zinapotea. Pampu iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam ikishindwa huko, siyo mbovu. Isogezeni karibu na maji. Chujio la mwisho wa mpira wa kunyonyea likae chini ya uso wa maji kwa sentimita 30 au zaidi, la sivyo maji yanazunguka kama kwenye sinki na kuvuta hewa. Lisiguse matope pia. Tenga la nyanya linatosha kulikinga: liweke chujio ndani, funga kwa kamba, shusha.

Hayo yote yanakufa kama dereva wa boza hakulipwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwa sababu linajulikana na bado linarudiwa. Mwenye boza anakuja usiku mara ya kwanza kwa moyo wake, anazunguka mara nane, anaambiwa "leta barua ofisini". Mara ya pili simu yake haipatikani, na huwezi kumlaumu. Mfano wa kuiga tunao hapa nyumbani. Mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, unaanza na simu ya bure 115. Mpokeaji anauliza hali ya mgonjwa, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva binafsi aliyesajiliwa mapema. Akimfikisha mama hospitalini na ikathibitishwa, malipo yanaingia kwenye simu yake. Dereva alishakubaliana na masharti kabla mtu yeyote hajaugua.

Boza nalo linahitaji hivyohivyo. Makubaliano ya ukurasa mmoja: bei kwa mzunguko, dizeli inatoka kituo gani, nani anathibitisha idadi ya mizunguko, nani analipa na ndani ya siku ngapi. Mizunguko minane ya kilomita 6 ni kilomita 48. Pamoja na injini kunguruma wakati wa kumwaga, tengeni lita 30 za dizeli kwa boza. Fedha hiyo ndogo ipitishwe na kamati ya maafa ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, mapema mwaka wa fedha unapoanza.

Simu: orodha iwe ya zamu, siyo ya majina. Mtu akihamishwa, namba yake inahama naye. Line ya zamu ibaki mezani, pamoja na chaja yake, na kila idara itoe namba mbili. 114 ya zimamoto na 112 ya polisi wananchi wanazijua. Wasichokijua ni kueleza walipo. Wafundisheni kusoma kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa nyumbani tangu zoezi la 2022.

Kwa TANESCO, shirika la umeme, jambo ni moja: mtu asimwage maji kwenye jengo kabla mtu wao hajasema kwa kinywa chake kwamba umeme umekatwa. Hata akisema, ulizeni jenereta na sola. Polisi nao wana kazi mbili ambazo hakuna mwingine wa kuzifanya: njia ya boza ibaki wazi kwenda na kurudi, na watu wasogezwe mbali. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakasogea kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini hadi uukute moto.

Petroli inahitaji povu, na povu ni ghali. Dumu la lita 20 la dawa ya povu inayochanganywa kwa asilimia 3 linatoa lita 667 tu za mchanganyiko wa dawa na maji, chini ya dakika mbili kwa nozo moja. Viwanja vya ndege huwa na akiba. Lakini ombeni povu, msiombe gari: gari la zimamoto la uwanja likitoka, kiwango cha ulinzi wa uwanja kinashuka na ndege inaweza kukataliwa kutua.

Mwisho, walio karibu zaidi. Novemba 6, 2022 ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliofika kwanza. Watu 24 waliokolewa. Kila mwalo unao watu kama hao. Waorodhesheni kwa namba za mitumbwi, wapeni maboya na mita 30 za kamba inayoelea, na waingizwe kwenye makubaliano yaleyale ya dizeli na malipo kama wenye maboza.