Angani na Mwanangu

Juzi nilisafiri peke yangu kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, nikiwa nimempakata binti yangu wa miezi 5 njia nzima, kwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa kawaida hakatiwi kiti chake. Ndege ilipoanza kushuka alilia kwa uchungu, naye si mtoto wa kulia ovyo, ndipo nikakumbuka maelezo ya muuguzi wa kliniki kwamba kunyonya na kumeza huzibua masikio yaliyobanwa na mabadiliko ya mgandamizo wa hewa. Nilijitanda kanga, nikamnyonyesha, akatulia. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, ambaye hatukufahamiana kabisa, alinibebea mkoba hadi nje ya uwanja.