Nyimbo Changamfu za Ayalandi kwa Gitaa Moja na Fidla Moja

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niishiye Galway, magharibi mwa Ayalandi, na kundi letu ni la watu wawili: mimi hupiga gitaa na kuimba sauti ya chini, na mwenzangu, ambaye ni mwenyeji wa hapa, hupiga fidla na kuimba sauti ya juu. Hatuna ngoma, besi wala kinanda. Tulipopata kazi ya kutumbuiza katika baa moja ya mjini, mwenye baa alitaka awamu mbili za dakika 45, nyimbo za asili za Ayalandi, na zote ziwe changamfu. Kabla ya kuandika jina la wimbo hata mmoja, ilitubidi tukubaliane ni kitu gani kinachouchangamsha wimbo pale ambapo hakuna ngoma ya kuubeba.

Wengi hudhani ni kasi. Baada ya kuziimba nyimbo hizi mbele ya watu, naamini kwa dhati kwamba wimbo wa watu wawili huchangamka pale unapomwachia msikilizaji nafasi ya kuijaza mwenyewe. Ushahidi wangu mkubwa ni The Wild Rover, ambao una mapigo matatu na mwendo wa wastani tu, lakini kiitikio chake husimama baada ya maneno ya kwanza, na ukumbi mzima hupiga makofi manne. Ukiuharakisha, makofi hayo hugongana na maneno. Kwa hiyo sisi huupiga taratibu kuliko makundi mengi, na unapofika pale pa makofi mimi huzifunika nyuzi kwa kiganja, mwenzangu huinua upinde, na kwa kitambo hicho kifupi hakuna ala inayosikika isipokuwa mikono ya watu na meza zao.

Whiskey in the Jar uliingia orodhani kwa sababu hiyo hiyo na nyingine ya ziada. Kundi la The Dubliners liliurekodi mwaka 1967, kisha kundi la Thin Lizzy likaugeuza kuwa wimbo wa roki mwaka 1972, hivyo wazee na vijana wanaujua, ingawa kila rika linaujua kwa namna yake. Kiitikio chake kina silabi zisizo na maana yoyote, na mgeni asiyewahi kuusikia huwa ameshazishika anapozisikia mara ya pili. Ule mstari wa gitaa la umeme unaowasisimua mashabiki wa Thin Lizzy, mwenzangu huupiga kwa fidla katikati ya beti, na hapo ndipo vijana hugeuza vichwa.

Upande wa midundo nilikuwa na akiba niliyotoka nayo nyumbani. Anayekulia Pwani huizoea chakacha, ambayo mapigo yake sita huweza kusikika kama makundi mawili au matatu, na mkono wangu wa kulia uliipokea jig, mtindo wa densi ya Ayalandi wenye mapigo sita, bila taabu. Slip jig, yenye mapigo tisa, ndiyo iliyonidai mazoezi ya kweli. Rocky Road to Dublin uko katika mdundo huo, na unamsimulia kijana anayetoka Tuam, si mbali na hapa Galway, akipitia Mullingar na Dublin hadi kuvuka bahari kwenda Liverpool, kwa maneno yaliyosongamana hata mwimbaji hapati pa kuvuta pumzi. Tuliamua kupokezana beti, mmoja akiimba huku mwingine akipumua, na gitaa nikalibakiza kwenye kodi mbili, yaani mafungu mawili tu ya noti zinazopigwa kwa pamoja, kwa sehemu kubwa ya wimbo ili maneno yasimezwe.

Maneno ndiyo yaliyoamua pia mahali pa Finnegan's Wake. Ni kisa cha Tim Finnegan, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akafa, na katika mkesha wa matanga yake waombolezaji wakapigana hadi wiski ikammwagikia, naye akafufuka. Asiyesikia maneno hukosa kisa chote, kwa hiyo wimbo huu tunauimba mapema katika awamu ya kwanza, kabla baa haijajaa kelele. I'll Tell Me Ma, wimbo wa watoto wa Belfast, ni mfupi mno kusimama peke yake, nasi huuunganisha moja kwa moja na polka, yaani midundo ya densi ya haraka, za Kerry zinazopigwa kwa fidla.

Nyimbo tulizoziacha ni nyingi. The Fields of Athenry unapendwa mno, lakini ni wimbo wa polepole unaohusu Njaa Kuu ya miaka ya 1840, na sipendi kuukimbiza ili utoshee mahali pasipoufaa. Dirty Old Town huombwa mara kwa mara, nao Ewan MacColl aliutunga mwaka 1949 kuhusu Salford, Uingereza. Tunauhifadhi kwa ajili ya anayeuomba. Come Out, Ye Black and Tans una moto wa kutosha, lakini ni wimbo wa uhasama na majeshi ya Uingereza, na baa yetu hupokea wageni wa kila upande.

Katika kuzipanga, tulikusanya pamoja nyimbo zinazotumia kapo, kibano cha kupandisha sauti ya nyuzi, mahali pamoja shingoni mwa gitaa, maana kila ninapoihamisha, watu hurudi kwenye mazungumzo yao. Nyimbo mbili za mapigo matatu hazifuatani.

Wa mwisho ni The Irish Rover, ambao The Dubliners na kundi la The Pogues waliuimba pamoja mwaka 1987. Shehena ya jahazi lake huhesabiwa kwa mamilioni yanayopanda, nguruwe milioni tano, mbwa milioni sita, na kuendelea. Sisi hutaja mzigo na kuwaachia watu idadi. Wakipaza sauti hadi milioni ya mwisho, tunaongeza seti moja ya polka; wakichoka njiani, tunaaga pale jahazi linapozama.