Nilivyoukamata mkono wa kushoto wa Jelly Roll Morton

Napiga kinanda kwenye kwaya na, msimu wa harusi ukifika, kwenye bendi. Kwa muda mrefu nilitamani kuipiga ile solo ya piano (sehemu ambayo piano inapiga peke yake) ya "Black Bottom Stomp", ambayo Jelly Roll Morton, mpiga piano wa jazz wa Marekani, aliirekodi Chicago tarehe 15 Septemba 1926 na bendi yake ya Red Hot Peppers. Wimbo wote ni dakika tatu hivi, maana upande mmoja wa santuri ya inchi 10 haukubeba zaidi ya hapo. Lakini watu saba wamo humo, na kila mmoja anapata nafasi yake.

Kazi ilianzia masikioni. Nakala iliyokuwa kwenye simu yangu ilisafishwa mpaka ikapooza: mkwaruzo hakuna, ila na ule mgongano wa nyundo ya piano na waya nao haupo, besi imekuwa uji. Nikatafuta mkusanyiko uliotolewa upya na JSP, kampuni ya rekodi ya Uingereza, CD tano za rekodi za 1926 hadi 1930, kazi ya fundi John R. T. Davies. Humo mkwaruzo unasikika, na mimi nasema afadhali. Baada ya kusikiliza kidogo sikio linauzoea na kuupuuza, halafu piano inajitokeza kama ilivyo.

Kilichofuata ni kuoanisha sauti. Santuri hizi huitwa za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, lakini si zote zilirekodiwa kwa mwendo huo kamili, na mwendo ukizidi kidogo sauti nayo inapanda. Badala ya kuhangaika na rekodi, nilisogeza sauti ya kinanda kwa kitufe chake cha kutyuni, nikiilinganisha na banjo ya Johnny St. Cyr kwenye rekodi, mpaka vikakubaliana. Wimbo unaanza do ikiwa B-flat, kisha unahamia E-flat, na solo yenyewe iko huko.

Hapo ndipo utamu ulipo. Clarinet ya Omer Simeon ikimaliza, bendi yote inanyamaza, Morton anabaki peke yake, hana ngoma wala besi ya kumshika. Kila mzunguko una baa 20 (baa ni fungu la mapigo manne), nami mwili wangu umezoea 16, kwa hiyo kila mara nilitaka kumaliza mapema! Nilipunguza mwendo kwa programu, nikaufunika mkono wa kulia kabisa, nikawa napiga kushoto tu huku nikihesabu kwa sauti. Besi chini, kodi (noti kadhaa kwa pamoja) juu, besi, kodi, halafu ghafla anakimbiza noti za chini kama trombone inayojibu.

Kinanda changu kina funguo 61, na baadhi ya oktavu za chini za Morton (noti ile ile mara mbili, chini na juu) hazifikiki. Kupandisha kila kitu juu kulitoa sauti ya mwanasesere, nikaacha. Pale oktavu inapokosekana napiga noti moja, kwa nguvu, bila kukanyaga pedali. Mkono wa kulia ulipoingia haukunisumbua sana. Una madoido, lakini unaufuata wa kushoto.

Mwendo halisi unazidi mapigo 250 kwa dakika. Bado sijaufikia, napiga robo tatu yake, na kwa robo tatu hiyo wenzangu wa bendi wameshaanza kutafuta jinsi ya kuingiza tarumbeta pale George Mitchell wa bendi ya Morton anapoingia baada ya piano.