Nyanya wa Garni na Nyanya Zake

Ndoo ya kwanza ya maji ilinipata mgongoni hata sijamaliza kushuka kwenye marshrutka, matatu ya huko. Ya pili ikanipata usoni. Nilipofuta macho niliona watoto watano, mkubwa wao hajafika miaka kumi, wamejipanga kando ya bomba la barabarani na mmoja anachota tena. Hakuna aliyewakemea. Mzee mwenye mvi aliyeshuka mbele yangu alikuwa chapachapa, naye anacheka.

Sikujua kwamba nimefika Garni, kijiji cha Armenia, siku ya Vardavar. Ni sikukuu ya Waarmenia inayoangukia Jumapili, siku 98 baada ya Pasaka, na sheria yake ni moja: mwenye maji humwagia mwenzake, awe anamjua au hamjui, na aliyemwagiwa hana ruhusa ya kununa. Kanisa limeipa maana yake, lakini asili yake inarudi nyuma kabla ya Ukristo, enzi za mungu wao wa kike Astghik. Hayo nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule nilichokijua ni kwamba nimevaa dera jepesi la pamba, limenigandama mwilini, na mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nikajikunja kwenye ukuta, nimekumbatia mkoba.

Hapo ndipo lango lililokuwa nyuma yangu likafunguka. Bibi mmoja mfupi, amejifunga kitambaa kichwani na aproni kiunoni, akanitazama juu hadi chini, akanishika mkono akanivuta ndani. "Ari, bales, ari." Njoo, mwanangu, njoo. Sikuhitaji mkalimani.

Niseme nilifikaje huko. Ninafanya kazi Sharjah, na kutoka pale hadi Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ni saa tatu hivi kwa ndege, karibu kuliko kwenda kwetu. Kazini tuna dada mmoja Muarmenia ambaye kila nikifungua kibakuli changu cha kachumbari wakati wa chakula cha mchana, hutikisa kichwa. "Wewe hujala nyanya bado," husema. Miaka miwili ananiambia hivyo. Mwaka huu nikachoka, nikakata tiketi.

Yerevan nilikaa siku mbili, na asubuhi ya kwanza nikaona mlima. Ararat, mita 5,137, theluji juu, umesimama mwisho wa barabara kama mtu aliyekuja kukuaga. Uko kwenye nembo ya taifa lao, uko kwenye chupa na kwenye majina ya maduka, ila wenyewe uko Uturuki, na mpaka huo umefungwa tangu mwaka 1993. Mkenya hapati shida kuelewa habari hiyo. Nasi Kilimanjaro tunaipigia picha Amboseli ilhali ni ya Watanzania. Tofauti ni kwamba sisi tukitaka kuifuata tunapitia Taveta au Loitokitok na pasipoti mkononi, wao pale mpakani hawana njia ya kupita.

Chini ya mlima huo ndiko nyanya zinakotoka. Tambarare ya Ararat ina udongo wa volkano, jua kali na maji ya mifereji kutoka mto Araks na mito inayoumwagia. Kwenye soko la GUM nilizikuta zimepangwa, na kusema kweli kwa sura hazikunivutia: kubwa kama ngumi mbili, zimepasuka mabegani, nyekundu ya kuelekea waridi, nyingine zimejikunja kama kiuno cha boga. Sokoni kwetu ungesema zimebaki. Mwuzaji aliona ninavyozikodolea macho, akaikata moja vipande viwili, akanyunyiza chumvi, akanipa nusu. Maji yalinitiririka hadi kwenye kiwiko. Nikasema moyoni, yule dada alikuwa na haki ya kutikisa kichwa.

Lakini kilichonisimamisha zaidi ni majani. Wenyewe huyaita yote kwa pamoja kanachi, na yalikuwa mafungu marefu ya meza nzima: shibiti, kotmiri, vitunguu vya majani, tarkhun yenye harufu ya bizari tamu, na katikati yake jani moja la zambarau iliyokolea, karibu na weusi. Nikalipitisha puani. Ni mrehani! Nikamwuliza mwuzaji kwa kidole. "Rehan," akasema. "Mrehani," nikasema. Tukaendelea hivyo, rehan, mrehani, rehan, kama watu wanaopimana koo, mpaka mwenzake akaja kuona kuna nini. Neno ni la Kiarabu, limepanda kwao milimani na limeshuka kwetu na majahazi.

Sasa, kwa asiyejua: pwani kwetu mrehani hauliwi. Mrehani ni wa pua. Huchanganywa na asmini na waridi ukafungwa kikuba, mwanamke akakitia kwenye nywele au akakibana kifuani usiku wa harusi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliupanda uani karibu na birika, na tulipomzika tulichuma huohuo tukaweka juu ya kaburi. Kuutia mdomoni haikupata kunijia akilini, kama vile mtu asivyofikiria kula udi. Na pale sokoni mama mmoja alikuwa anautafuna akisubiri chenji yake.

Turudi Garni. Yule bibi alinipa gauni lake la nyumbani, likanifika magotini, na leso yangu iliyokuwa mkobani ikamalizia chini. Dera likaanikwa kwenye mzabibu uliotandazwa juu ya ua. Mjukuu wake, msichana anayesoma chuo Yerevan, ndiye aliyetutafsiria. Akaniuliza bibi kwetu huitwaje. Nikasema nyanya. Kisha nikanyoosha kidole kwenye beseni lililojaa yale madude mekundu, nikasema hizi pia ni nyanya. Msichana akamweleza. Bibi akajishika mbavu. Tangu hapo kila alipookota moja aliinyanyua usawa wa uso wake, akauliza: "Nyanya?" Nami najibu, nyanya.

Nikataka kujionyesha. Nikaomba kisu na kitunguu, nikakikata pete nyembamba za kachumbari, zile unazoweza kusoma gazeti kupitia kwake, nikazivuruga kwa chumvi, nikazisuuza maji mawili, nikakamua. Nyanya akanitazama bila neno. Halafu akasema jambo, na mjukuu akacheka kabla ya kutafsiri: "Anauliza kitunguu hicho kimekukosea nini."

Yeye hakutumia kibao. Aliishika nyanya kiganjani juu ya bakuli, akaigawa kwa kisu kidogo kilicholika ukingo, vipande vinene vya kujaza kijiko, na kila tone la maji yake likaangukia mlemle. Nyanya nne. Matango mawili mafupi yenye vijinundu, akayamenya mstari acha mstari, akayakata mapande ya unene wa kidole gumba. Pilipili hoho moja ya kijani hafifu. Kitunguu changu kilichoadhibiwa akakipokea kwa adabu, akatia nusu yake. Shibiti na kotmiri alizikatakata. Rehan alizichana kwa vidole, jani kwa jani, kwa kuwa kisu huzifanya nyeusi na machungu. Chumvi hakuitia. Nilipoichukua mimi nitie, alinipiga kofi dogo mkononi. Chumvi ni mpaka watu wamekaa, la sivyo nyanya zinatoa maji yote na unakula supu.

Nikauliza ndimu iko wapi. Hapo ndipo tulipogombana kidogo, kama watu wa nyumba moja wanavyogombana. Mimi sijui kachumbari bila ndimu. Yeye akachukua kipande cha nyanya, akanionyesha ule ute wenye mbegu, akanilisha. Ukali ulikuwamo. Akamimina mafuta ya alizeti yasiyosafishwa, yenye harufu ya mbegu zilizokaangwa, na hiyo ndiyo ikawa habari yote. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kachumbari yetu ni mfuasi wa pilau, kazi yake ni kukata mafuta, kwa hiyo inakatwa nyembamba na kuchachuliwa. Chakula cha Nyanya hakimfuati mtu. Kipande lazima kiwe kikubwa cha kutafunwa.

Nje mkwe wake alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa amechoma matawi makavu ya mzabibu kwenye mangal, jiko lao la kuchomea, mpaka yakawa makaa, na juu yake amelaza mishikaki mirefu: biringani nzima, pilipili hoho nzima, nyanya nzima. Zote zikaachwa ziungue mpaka ngozi ikawa mkaa na ndani zikalegea. Wao biringani huliita badrijan. Ukilisema taratibu utasikia ni ndugu wa biringani letu, yote mawili yamepitia kwa Waajemi. Zilipotoka motoni zikafunikwa kwenye sufuria, kisha tukakaa watatu kuzimenya, vidole tunavichovya kwenye maji baridi na bado vinaungua. Hazipondwi. Hukatwa kwa kisu, zikachanganywa na kitunguu saumu, kitunguu maji, kotmiri na rehan nyingi. Moshi unabaki ndani. Kama ningelazimishwa kuchagua moja kati ya hizo mbili ningechagua hii, lakini ningemwomba radhi yule bibi kwanza.

Lavash ilikuwa kwenye kabati, mikate mipana myembamba iliyokauka mpaka inavunjika kama kigae. Huokwa kwa kubandikwa ukutani mwa tonir, tanuri la udongo lililozamishwa ardhini, ikakaa miezi. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2014. Nyanya aliinyunyizia maji kwa vidole, akaifunika kwa kitambaa, na baada ya muda ikalainika kama leso. Siku ile hata mkate haukusalimika na maji.

Tukakaa. Chumvi ikatiwa. Katikati ya meza pakawekwa sahani ya majani mabichi, hayakukatwa wala kuungwa, yanaliwa yalivyo. Mimi, mkono ukiwa umetangulia akili, nikachomoa kijiti cha rehan, nikanusa, nikakichomeka kwenye mtandio juu ya sikio. Meza nzima ikanyamaza. Nyanya akaniinamia, akakichomoa, akaenda bombani akakisuuza, akarudi. Akachana kipande cha lavash, akaweka jibini la chumvi, kijiti chote, kitunguu cha majani, akakunja, akanitia mdomoni kama mtoto. Hiyo huitwa brduch. Nilitafuna huku macho yananitoka. Mwanzo ni harufu ya harusi, kabisa, harufu ya nywele za shangazi zangu. Kisha inakuja tamu, kisha kwa mbali kama karafuu, kisha jibini linafagia yote. Nilikula vitatu.

Hekalu la Garni, lililonipeleka huko, nililiona jioni dera lilipokauka. Nguzo 24, la karne ya kwanza, liliangushwa na tetemeko mwaka 1679 na kusimamishwa upya kati ya 1969 na 1975. Ni zuri. Nilimwagiwa maji mara mbili nikiwa njiani.

Sharjah nimeirudia na furushi la rehan lililofungwa kwenye gazeti lenye unyevu, na nyanya sita nilizozibeba mkobani kama mayai. Nne zilifika. Usiku ule nilizikata kiganjani, nikachana majani, chumvi nikaitia mwisho, ndimu nikaificha kwenye friji nisije nikajisahau. Ninayekaa naye chumba, msichana wa Lamu, alikuta nimekunja mkate na kijiti cha zambarau kimening'inia mdomoni. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Shoga, ndiyo umeanza kula kikuba?"

Nikamwambia avute kiti.