Ninavyompikia mzee ambaye kutafuna kumeanza kumshinda

Mzee anayekunywa chai kwa mkate asubuhi na jioni, akasukuma nyama pembeni ya sahani, mara nyingi hamu ya kula anayo. Kinachomshinda ni kutafuna. Kabla ya kubadilisha mapishi mimi hutazama vitu vitatu: magego, misuli na mate.

Kinachosaga chakula ni magego ya juu na ya chini yanayokutana. Mtu anaweza kuwa na meno yote ya mbele na bado kipande cha nyama kikamshinda. Misuli ya taya nayo hupungua nguvu, ndiyo maana hata mwenye meno kamili hutafuna tonge lile lile kwa muda mrefu zaidi, akachoka kabla ya kumaliza. Mate hukaushwa na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za presha, mzio na sonona; hapo ugali mgumu hunata kwenye kaakaa, na dawa yake ni ugali laini na mchuzi mwingi. Jino linalouma au fizi zinazotoka damu ni kazi ya daktari wa meno. Hayo ni maradhi, wala si uzee.

Kwenye nyama ndipo wengi hukosea. Steki isiyo na mafuta ikichemshwa sana huwa nyuzi kavu. Mimi huchagua nyama ya muundi yenye mishipa, kwa sababu mishipa ile huyeyuka ikipikwa taratibu. Naikata kukatisha nyuzi, vipande visivyozidi sentimita 1.5, naipaka papai bichi lililokunwa kwa nusu saa (ikikaa sana huwa kama uji), kisha naichemsha kwa moto mdogo saa mbili au zaidi. Nabonyeza kwa uma: kipande kikibonyea kisirudi, kimeiva.

Maharage nayaroweka usiku kucha na kuyachemsha kwa maji mapya. Nyanya na ndimu huingia yakishalainika, kwani uchachu huzuia maganda kulainika. Magadi huharakisha, ila hupunguza vitamini B1 na huongeza sodiamu, kwa hiyo simwekei mwenye presha. Makande napika kwa mahindi yaliyokobolewa, halafu naponda nusu kwa mwiko ndani ya tui. Mchicha nautoa mashina. Kisamvu kimeshatwangwa, hakina shida.

Sipendi kusaga kila kitu kwa blenda. Chakula cha namna hiyo huondoa hamu na kuiacha misuli bila kazi. Uji nautilia maziwa na karanga za kusaga, maana uji mtupu haumpi protini ya kutosha.

Kinachopalia sana ni supu nyepesi yenye vipande: maji hufika kooni vipande vikiwa bado vinatafunwa. Naipondea viazi au ndizi ndani yake iwe nzito. Mzee akae wima anapokula na abaki hivyo nusu saa baadaye. Akikohoa kila mlo, sauti ikawa kama ina maji, au akipungua uzito, apelekwe hospitali.

Mwenye meno bandia namkatia vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja ili yasiinuke. Yakilegea baada ya miaka ni kwa sababu mfupa wa taya umepungua. Yanahitaji kurekebishwa kwa fundi wa meno. Usiku yalale kwenye maji ya kawaida, kwani maji ya moto huyapinda.