Mchicha wa Mikanjuni: nondo walikuwa wakitoka chini ya tuta

Tuta la kando ya ukuta limefika kuvunwa likiwa na majani mazima. Nimelisubiri hili tangu masika, acheni nijivune kidogo.

Mchicha wangu wa kwanza ulipokuwa ukiliwa, panzi na konokono niliwaondolea shaka mapema. Panzi hukata jani kuanzia ukingoni, konokono huacha ute unaong'aa ukikauka. Langu lilikuwa jani lililokunjwa na kushonwa kwa nyuzi laini, ndani punje za kinyesi cheusi na kiwavi wa kijani mwenye mistari miwili myeupe mgongoni. Huyo ni Spoladea recurvalis. Nondo wake ana rangi ya kahawia iliyokoza na mkanda mweupe mbawani. Ukipitisha mkono juu ya mchicha anaruka kidogo tu, kisha anatua chini ya jani la pili.

Mwarobaini sina ugomvi nao. Nilitwanga mbegu, maana zina nguvu kuliko majani, nikapulizia jioni kwa kuwa jua huimaliza dawa hiyo upesi. Tabu ni kwamba kiwavi hana budi ale jani lenye dawa, naye kajifungia ndani ya kunjo lake. Dawa ya bakteria wa Bacillus thuringiensis nayo ni hivyo hivyo. Umuwahi akingali mdogo, anapokwangua upande wa chini wa jani na kuacha ngozi ya juu tu. Kwa hiyo lazima upulizie kutoka chini kwenda juu, na kwa kazi hiyo zile chupa za kusafishia vioo hazifai kabisa: ukiziinamisha zinavuta hewa. Bomba dogo la mkono lenye mrija uliopinda ndilo la kununua.

Basi nikahamia kwenye neti, ile laini ya kushonea shela. Nikafunika tuta, nikafukia kingo zote kwa udongo. Baada ya muda, nondo wamo ndani! Nilikagua kila mshono kwa tochi, hakuna tundu. Hili lilininyima usingizi kwelikweli, mpaka nilipochimbua udongo chini ya mashina nikakuta pupa, yaani viwavi waliojifungia kwenye ganda wakigeuka nondo. Kiwavi akishiba hushuka, hujizika ardhini, na hutoka akiwa nondo. Neti juu ya tuta lililokwisha kuliwa inamfungia adui pamoja na chakula chake.

Tuta jipya, hilo la kando ya ukuta, nikalipanda mahali ambapo mchicha haukuwahi kuota, nikang'oa mchicha pori wote wa jirani, kwani nao humlea, kisha nikafunika siku ile ile ya kusia mbegu. Neti nimeiinua kwa fito zilizopindwa. Jani likigusa neti, nondo anaweza kutaga kupitia matundu.

Nilipanga sasa kulinganisha vipimo vya mwarobaini kwenye matuta mawili. Nimeuacha mpango huo. Mama jirani alipoona zile pupa kiganjani mwangu alisema, "Mwanangu, hicho si chakula cha kuku hicho? Walete wangu wachakure." Wamechakura tuta la zamani tangu asubuhi, na kila nikigeuza udongo kwa jembe wananikimbilia miguuni. Nitawaacha humo wiki nzima, kisha nisie mchicha palepale chini ya neti. Nondo wakitokea tena ndani, nitajua kuku peke yao hawatoshi.