Kiwanja kilikuwa changu, paa halikuwa langu peke yangu

Nilinunua kiwanja Buswelu, Mwanza, mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya kuolewa, kwa mkopo niliokatwa kwenye mshahara wa ualimu. Tulipofika pa kuachana nilikuwa na jibu moja tu kwa kila mtu: kiwanja changu. Mume wangu, Baba Kulwa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na paa, Mama Kulwa?"

Siku ya ndoa pale palikuwa na boma la vyumba viwili, majani yameota mpaka madirishani. Yeye ndiye aliyeuza injini ya mtumbwi wake Mwaloni Kirumba tukapaua. Mimi nikiwa darasani, yeye alikuwa juani na mafundi, anahesabu mifuko ya saruji.

Msaidizi wa kisheria alinifungulia Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114. Kinachogawanywa ni mali iliyochumwa kwa nguvu ya pamoja, lakini hata ya kabla ya ndoa huingia kama mwenzako ameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Nikamtajia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, ile iliyosema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Akacheka: "Mwalimu, mchango wa jasho si wa wanawake tu." Silaha niliyoibeba ikawa ya mume wangu!

Baraza la usuluhishi la kata lilishindwa kutupatanisha likatupa hati ya kwenda mahakamani, ila hesabu tulizianzia palepale. Risiti nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kilichotuokoa ni picha ya siku niliyotolewa mahari: nimesimama na shangazi, nyuma yetu boma halina hata kenchi. Fundi akaikagua, akakadiria thamani ya boma lile na ya nyumba ya sasa. Kiwanja na boma vikabaki vyangu, kilichoongezeka tukakigawa.

Akiba ya SACCOS ilikuwa rahisi. Nilitoa taarifa ya akaunti ya mwezi wa ndoa; kilichokuwemo siku ile hakikuguswa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa kwenye mafao. Huko mwaloni walimjaza kwamba mwalimu akiachika anachukua mamilioni yake ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, siku hiyohiyo. Nikamwonyesha taarifa ya michango: mimi nakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15, na kustaafu kwa hiari ni miaka 55. Talaka haifungui mfuko. Nilikuwa na miaka 41. Akatulia, akasema, "Basi mimi niachie mtumbwi na nyavu."

Tulivinunua pamoja, na vilikuwa vinaingiza hela kila siku, wakati mafao yangu yalikuwa namba kwenye karatasi. Dada yangu anasema nilipunjwa. Huenda, lakini mimi mtumbwi ningeupeleka wapi? Hakimu alituuliza kila mmoja kama ameridhika, makubaliano yakaingia kwenye hukumu.

Sehemu yake ya nyumba niliilipa kwa mafungu matatu, kila mara tukisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Fungu la mwisho lilipoisha ndipo nikakumbuka kwamba kwenye fomu zangu za mfuko jina lake bado lilikuwa la kwanza kati ya wategemezi. Kesho yake nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda daladala ya mjini na nakala ya talaka kwenye mkoba.